Haki Fungamani ya Fundi: Namna Sheria ya Marekani Inavyolinda Ujira wa Mjenzi na Bei ya Vifaa

Mshonaji aliyekamilisha suti ya mteja wake ana silaha ambayo mwashi hana. Mteja akija mikono mitupu, mshonaji huitundika tena suti ile ukutani na kuendelea na cherehani yake, akijua kwamba siku ya arusi itakapokaribia fedha zitapatikana. Sheria za mataifa mengi zimeitambua silaha hiyo tangu zamani. Mejelle, yaani sheria ya kiraia ya dola ya Uthmaniya iliyokusanywa kati ya mwaka 1869 na 1876, ilimruhusu fundi ambaye kazi yake huacha athari katika kitu, kama vile mshonaji na mtia rangi vitambaa, kukizuia kitu hicho hadi alipwe ujira wake. Mchukuzi na baharia hawakuruhusiwa, kwa kuwa mzigo waliousafirisha ulibaki vilevile ulivyokuwa.

Hali ya mwashi ni tofauti kabisa. Anapoliweka tofali juu ya jingine na kulishika kwa saruji, tofali lile huacha kuwa lake. Limekuwa sehemu ya ukuta, ukuta ni sehemu ya nyumba, na nyumba, kwa kanuni ya kale iliyorithiwa kutoka kwa Warumi, ni sehemu ya ardhi inayoibeba. Mwenye ardhi ndiye mwenye vyote vilivyoshikamana nayo. Asipolipwa, mwashi hawezi kuubomoa ukuta ili ajichukulie matofali, wala hawezi kuitundika nyumba ukutani kama suti. Jasho lake limezama katika mali ya mwingine, na kilichobaki mkononi mwake ni ahadi tu.

Jambo hili huzidi uzito kwa sababu ujenzi ni mnyororo. Mwenye ploti huingia mkataba na mwanakandarasi mkuu. Naye huwapa wanakandarasi wadogo kazi za umeme, mabomba na paa. Hao nao huchukua mbao, nyaya na mabati kwa mkopo kutoka kwa wauzaji wa vifaa, na huajiri vibarua wa kutwa. Fedha hutiririka kutoka juu. Kiungo kimoja kikikatika, wote walio chini hukauka. Muuzaji wa mabati hana mkataba wowote na mwenye nyumba. Mtu pekee anayeweza kumdai ni yule aliyechukua mabati, na pengine huyo amekwisha kufilisika au amezima simu.

Sheria ya Marekani ilibuni jibu la tatizo hili: kumpa kila aliyetia kazi au vifaa katika jengo haki juu ya jengo lenyewe pamoja na ardhi yake, hata kama hakuwahi kuonana na mmiliki. Makala hii inaieleza haki hiyo, hasa jinsi inavyotekelezwa katika jimbo la California, na kutazama ni kwa nini mjenzi wa Kenya hanayo.

Suala la jina

Mwanafunzi wa Kiswahili anayejaribu kuizungumzia haki hii hukwama katika hatua ya kwanza, kwani haina jina lililozoeleka. Neno lien, ambalo Waingereza waliliazima kutoka Kifaransa, asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kamba au kifungo. Maana hiyo ni muhimu, kwa sababu inaonyesha kasoro za maneno yanayokimbiliwa na wafasiri.

Neno la kwanza ni rehani. Hili, tulilolipata kutoka Kiarabu, humaanisha mali iliyotolewa na mwenyewe kwa hiari ili isimamie deni. Katika haki tunayoizungumzia, mmiliki hakutoa chochote kwa hiari; sheria ndiyo iliyoifunga mali yake. Poni nayo hudai kwamba kitu kiwe mikononi mwa mdai, ilhali hapa mmiliki huendelea kulala katika nyumba yake. Dhamana ni neno pana mno, tena litahitajika baadaye kwa jambo jingine. Zuio lingefaa lisingekuwa limekwisha kuchukuliwa na mahakama kwa maana ya amri ya kumkataza mtu kutenda jambo fulani. Kwa hiyo makala hii inatumia istilahi haki fungamani: haki iliyofungamana na mali na kuifuata popote iendapo, hata ikiuzwa kwa mtu mwingine. Istilahi hii inaihifadhi ile kamba ya Kilatini bila kuikopa.

Sehemu ya pili ya jina ni rahisi zaidi, ila ina mtego wake. Wamarekani huiita haki hii kwa neno ambalo siku hizi humfanya msikilizaji amfikirie makanika wa magari. Katika karne ya 18 neno lilo hilo lilimtaja kila mtu aishiye kwa kazi ya ufundi wa mikono: mwashi, seremala, mpaka chokaa. Kiswahili kina bahati hapa. Neno fundi halijapungukiwa na upana wake, na anayetafsiri kwa kuandika "makanika" anapotosha.

Chimbuko

Haki hii haikutokana na mapokeo ya Waingereza, ambao ndio waliowarithisha Wamarekani sehemu kubwa ya sheria zao. Mahakama za Uingereza hazikukubali kwamba mjenzi anaweza kuwa na dai juu ya ardhi kwa sababu tu ya kazi aliyoifanya. Upande wa bara la Ulaya mambo yalikuwa tofauti. Sheria ya kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804, kwa mfano, iliwapa wasanifu majengo, wanakandarasi na waashi kipaumbele juu ya jengo walilolijenga.

Marekani iliingia katika njia hiyo kwa sababu ya haraka. Taifa lile changa lilikuwa limeamua kujenga mji mkuu mpya kando ya Mto Potomac, mahali palipokuwa na mashamba na vinamasi. Thomas Jefferson na James Madison walikuwa miongoni mwa waliosukuma mradi huo. Ploti zingeuzwa kwa watu binafsi, lakini nani angethubutu kuwajengea wanunuzi hao kwa mkopo? Desemba mwaka 1791, Bunge la jimbo la Maryland lilipitisha sheria kuhusu mji huo, na ndani yake likawapa wajenzi na waliotoa vifaa haki juu ya majengo waliyoyashughulikia. Pennsylvania ilifuata mwaka 1803, na kadiri miji ilivyoenea kuelekea magharibi, ndivyo na sheria hii ilivyosambaa. Hivi leo majimbo yote 50 yanayo, kila moja kwa sura yake.

Ni vyema kutambua kwamba huruma kwa maskini haikuwa sababu ya pekee. Wanasiasa walitaka mji ujengwe upesi kwa mikopo ya mafundi na wafanyabiashara, na mkopo hautoki pasipo usalama. Hata hivyo, kufikia mwaka 1879, California ilipoandika katiba yake ya pili, haki hii ilikuwa imepata hadhi nyingine. Iliingizwa katika katiba yenyewe, ambamo ingali hadi leo katika ibara ya 14, ikiwataja mafundi, watoaji vifaa na vibarua wa kila aina. Texas nayo imeiweka katika katiba yake. Bunge la California linaweza kupanga utaratibu wa kuitekeleza, ila haliwezi kuifuta.

Kanuni za California

Kanuni zinazotumika sasa zimo katika sheria ya kiraia ya jimbo hilo, zilizopangwa upya kuanzia tarehe 1 Julai 2012. Anayezisoma kwa mara ya kwanza hushangazwa na jinsi haki iliyotukuzwa na katiba inavyoweza kupotea kwa kuchelewa siku moja. Sababu yake ni kwamba haki hii huifunga mali ya mtu ambaye huenda hamjui kabisa mdai. Kwa hiyo sheria inamtaka mdai ajitambulishe mapema, aandikishe dai lake upesi, na aende mahakamani bila kusitasita.

Hatua ya kwanza ni ilani ya awali. Mwanakandarasi mdogo na muuzaji wa vifaa wanatakiwa kuwapelekea mwenye mali, mwanakandarasi mkuu na mkopeshaji wa ujenzi, kama yupo, ilani ya maandishi isiyozidi siku 20 tangu walipoanza kutoa kazi au vifaa. Ilani hiyo haimaanishi kwamba kuna ugomvi. Inasema tu: fulani anatoa mbao katika nyumba yako, na asipolipwa anaweza kuwa na dai juu yake. Mwanakandarasi mkuu, ambaye mmiliki anamjua, huhitaji kumpelekea mkopeshaji peke yake. Kibarua anayedai mshahara wake hasumbuliwi na takwa hili hata kidogo, na hapo sheria imefanya busara, maana mtu wa kutwa hana wakili wala karani.

Anayechelewa hapotezi kila kitu, bali haki yake hurudi nyuma siku 20 tu kutoka siku aliyotoa ilani. Chukua mfano wa kubuni wa muuzaji mbao mjini Sacramento anayempelekea mwanakandarasi mkuu mbao za dola 9,000 tarehe 1 Machi, za dola 6,000 tarehe 18 Machi, na za dola 8,000 tarehe 5 Aprili. Angetoa ilani kufikia tarehe 21 Machi, mbao zote zingelindwa. Yeye alikumbuka tarehe 10 Aprili. Siku 20 kabla ya hapo ni tarehe 21 Machi. Kwa hiyo katika dola 23,000 anazodai, ni 8,000 pekee zinazofungamana na nyumba. Dola 15,000 zilizobaki ni deni la kawaida kati yake na mwanakandarasi, na mwanakandarasi akiwa amefilisika, ni deni la jina tu.

Hatua ya pili ni kuandikisha dai katika ofisi ya msajili wa kaunti ambamo ardhi imo. Hapa kila kitu hutegemea siku ambayo kazi nzima ilikamilika. Kwa kawaida mdai ana siku 90 kuanzia siku hiyo. Lakini mmiliki anaweza kuufupisha muda kwa kusajili ilani ya kukamilika kwa kazi ndani ya siku 15 baada ya kazi kwisha: hapo mwanakandarasi mkuu hubakiwa na siku 60, na wengine wote siku 30, zikihesabiwa tangu ilani iliposajiliwa. Tuseme nyumba ya mfano wetu ilikamilika tarehe 31 Julai. Pasipo ilani ya mmiliki, muuzaji mbao angekuwa na muda hadi tarehe 29 Oktoba. Mmiliki akiisajili ilani yake tarehe 10 Agosti, muda unakwisha tarehe 9 Septemba. Mmiliki wa jengo la biashara analazimika kuwaarifu waliompa ilani ya awali kwamba amesajili hati hiyo. Asipofanya hivyo, ule ufupisho hauwabani. Lakini mtu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe, isiyozidi makao manne, hana wajibu huo. Muuzaji mwenye busara, basi, hamngojei mtu amwambie, bali hupitia daftari la msajili mwenyewe.

Kukamilika nako kuna maana pana kuliko ile ya kila siku. Kazi iliyosimama mfululizo kwa siku 60 huhesabiwa kuwa imekamilika, hata kama nyumba haina paa. Yamkini hiki ndicho kifungu kinachowanasa wengi, kwa sababu mradi ukikwama mafundi huambiwa wasubiri wiki mbili, kisha mwezi, fedha za benki ziko njiani. Na wakati wanasubiri, siku zao zinahesabiwa.

Dai lenyewe halihitaji ufasaha. Hutaja kiasi kinachodaiwa baada ya kuondoa kilicholipwa, jina la mmiliki, jina la aliyemwajiri mdai au kununua vifaa, aina ya kazi, na mahali ilipo mali. Hutiwa saini pamoja na uthibitisho kwamba yaliyomo ni kweli, na nakala hupelekewa mmiliki. Kiasi hakiwezi kuzidi bei ya mkataba au thamani halisi ya kazi, ile iliyo ndogo. Vifaa navyo sharti viwe vimetumika katika jengo lile. Saruji iliyouzwa kwa ajili ya nyumba moja na kupelekwa kwingine haiifungi nyumba ile ya kwanza. Vilevile, anayemuuzia muuzaji mwenzake hana haki hii, kwa kuwa mnyororo lazima ukatwe mahali fulani.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Dai lililosajiliwa lina uhai wa siku 90 tu. Ndani ya siku hizo mdai lazima afungue kesi ya kulitekeleza, yaani kuiomba mahakama iamuru mali iuzwe ili deni lilipwe. Muuzaji wetu aliyesajili dai tarehe 5 Septemba anatakiwa awe mahakamani kufikia tarehe 4 Desemba. Asipofika, na kama hakukubaliana na mmiliki kwa maandishi yaliyosajiliwa kuongeza muda, haki yake imekufa, na mmiliki anaweza kuiomba mahakama ilifute dai lile kwenye daftari. Ni mara chache mali huuzwa kweli. Nguvu ya haki hii iko katika kuchafua hati: mwenye nyumba hawezi kuiuza wala kuikopea vizuri wakati daftari linaonyesha dai, hivyo hutafuta suluhu.

Tena haki hii hupata nafasi ya mbele. Dai la fundi huhesabiwa kana kwamba lilianza siku kazi ya jengo ilipoanza kuonekana ardhini, ingawa limesajiliwa miezi mingi baadaye. Rehani ya benki iliyosajiliwa baada ya siku hiyo husimama nyuma ya mafundi wote. Ndiyo maana wakopeshaji wa California humtuma mtu kupiga picha ploti ikiwa tupu kabla ya kusajili rehani. Lori moja la kokoto likiwahi kumwaga mzigo asubuhi ya siku hiyo, benki yaweza kukataa kutoa fedha.

Upande wa mwenye nyumba

Ukali wa sheria hii unaonekana zaidi mmiliki anapokuwa mtu mwaminifu. Ameingia mkataba wa dola 200,000 na amelipa zote. Mwanakandarasi mkuu amezitumia kulipa madeni ya mradi mwingine. Muuzaji wa mabati na fundi wa mabomba hawakupata kitu, nao wana haki juu ya nyumba. Mmiliki atalipa mara mbili. New York imejaribu kupunguza makali haya kwa kusema kwamba haki ya mwanakandarasi mdogo haiwezi kuzidi kile ambacho mmiliki angali anadaiwa. California haikukubali kizuizi hicho. Mwaka 1976, katika shauri la kampuni ya Connolly Development, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliombwa itamke kwamba kuifunga mali ya mtu kabla hajasikilizwa ni kukiuka katiba. Ilikataa, ikaona kwamba masilahi ya waliotia jasho na vifaa yanatosha kuhalalisha mzigo huo.

Mmiliki hajaachwa uchi, lakini. Kwanza, ile ilani ya awali ni orodha ya watu anaopaswa kuhakikisha wamelipwa. Anaweza kuandika hundi yenye majina mawili, la mwanakandarasi na la muuzaji, isiyoweza kuchukuliwa na mmoja peke yake. Akitaka usalama zaidi, husajili mkataba pamoja na dhamana ya malipo ya nusu ya bei yake iliyotolewa na kampuni ya bima kabla kazi haijaanza, na hapo mahakama huyaelekeza madai kwenye dhamana. Hata baada ya dai kusajiliwa, nyumba inaweza kufunguliwa kwa kuweka dhamana ya asilimia 125 ya kiasi kinachodaiwa. Mwanakandarasi asiye na leseni inayotakiwa hana haki ya kudai ujira hata kidogo, sembuse kuifunga nyumba.

Chombo kinachotumiwa zaidi, na chenye hatari zaidi kwa fundi, ni hati ya kuachilia haki. Kila malipo yanapotolewa, mpokeaji hutakiwa kutia saini kwamba haidai tena nyumba kwa sehemu hiyo ya kazi. Sheria imetunga hati nne na kukataza nyingine: mbili za malipo ya awamu na mbili za malipo ya mwisho, na katika kila jozi moja ina sharti na nyingine haina. Yenye sharti huanza kufanya kazi pale tu fedha zinapofika kweli. Isiyo na sharti huiua haki wakati wa kutia saini, iwe hundi ni nzuri au itarudishwa na benki. Fundi anayeambiwa "tia saini hapa, hundi utaipata jioni" anapaswa kujua ni hati ipi iliyo mbele yake. Neno moja katika kichwa cha hati ndilo linalotofautisha malipo na hasara.

Zipo mbinu nyingine za kuinyang'anya haki hii kimyakimya. Mashuhuri zaidi ni kifungu cha mkataba kinachosema kwamba mwanakandarasi mdogo atalipwa iwapo tu mwanakandarasi mkuu amelipwa na mmiliki. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya California, katika shauri lililoihusu kampuni ya bima ya Safeco, ilikitupilia mbali kifungu hicho, kwa hoja kwamba mtu hawezi kuondolewa kwa mlango wa nyuma haki ambayo sheria imemkataza kuitoa kwa mlango wa mbele.

Mali ya umma haiguswi na haki hii. Hakuna anayeweza kuomba shule ya serikali au daraja vipigwe mnada. Kwa majengo ya serikali kuu, Bunge la Marekani lilianzisha dhamana ya lazima mwaka 1894, kisha likaiimarisha kwa Sheria ya Miller ya mwaka 1935: mwanakandarasi mkuu huweka dhamana ya malipo kabla hajaanza, na walio chini yake huidai dhamana hiyo badala ya jengo. Asiye na mkataba wa moja kwa moja naye hutoa ilani ndani ya siku 90 tangu siku yake ya mwisho ya kazi, na kesi hufunguliwa ndani ya mwaka mmoja.

Hali ya mjenzi wa Kenya

Kenya ilipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na kama ilivyoelezwa, humo haki fungamani ya mjenzi haimo. Makanika wa Nairobi na fundi wa redio wa Kisumu wako pazuri zaidi kuliko mwashi. Wao wanaweza kukishikilia kifaa walichokitengeneza, na sheria ya kuuza mali zisizochukuliwa na wenyewe, sura ya 38, huwaonyesha utaratibu wa kufuata mteja akitoweka. Mwashi hubaki na mkataba wake. Anaweza kwenda mahakamani ndani ya miaka sita, au kwa msuluhishi ikiwa mkataba unasema hivyo, na akishinda ndipo aanze kutafuta mali ya kukamata.

Wengine huuliza iwapo kaveti haiwezi kufanya kazi ileile. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 humruhusu mtu kuweka tahadhari kwenye daftari ikiwa anadai maslahi katika ardhi yenyewe, kama vile mnunuzi aliyelipa sehemu ya bei. Anayedai ujira tu hadai ardhi, hivyo mlango huo haumfungukii.

Uingereza yenyewe, baada ya kilio cha miaka mingi cha wanakandarasi wadogo, ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya ujenzi ya mwaka 1996 iliwapa wanaogombana haki ya kupata uamuzi wa haraka wa mtu wa tatu, kwa kawaida ndani ya siku 28, na ikapiga marufuku vifungu vya "nitakulipa nikilipwa" isipokuwa pale anayestahili kulipa juu amefilisika. Njia hiyo huharakisha fedha bila kuigusa ardhi.

Je, ipi ingemfaa mjenzi wa hapa? Haki fungamani ya Marekani husimama juu ya daftari la ardhi linaloaminika na kusomeka kwa urahisi. Kenya imeanza safari hiyo kwa mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021, lakini nyumba nyingi hujengwa juu ya ardhi ambayo hatimiliki yake bado iko kwa jina la babu aliyefariki, au haijatolewa kabisa. Dai litasajiliwa juu ya nini? Tena kilio kikubwa cha wanakandarasi wa Kenya ni madeni ya serikali kuu na ya kaunti, na huko haki hii isingewafaa, kwa kuwa sheria ya mashauri dhidi ya serikali, sura ya 40, inakataza mali ya serikali kukamatwa kwa ajili ya deni. Kwa hao, somo lenye manufaa ni lile la mwaka 1935, ila nalo lina mpaka: dhamana ya aina ya Miller humlinda muuzaji saruji dhidi ya mwanakandarasi asiyelipa, na haimlindi mwanakandarasi dhidi ya serikali isiyolipa.

Mahali ambapo haki fungamani ingeweza kujaribiwa kwanza ni katika majengo ya kukodisha yanayoinuka kwa mikopo ya benki kwenye ardhi yenye hati safi, kando ya barabara kuu za Nairobi, Mombasa na Eldoret. Huko daftari lipo, na mkopeshaji yupo. Wapo pia mafundi na wenye maduka ya vifaa wanaodai, na kwa wengi wao notisi iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili haina tofauti na karatasi tupu. Bunge likiamua siku moja kuandika sheria kama hiyo, ilani ya awali na zile hati nne za kuachilia haki zitahitaji Kiswahili ambacho seremala anaweza kukisoma akiwa amesimama juu ya jukwaa la mbao, kalamu mkononi, na hundi bado haijatolewa.